Maswali ya wasomaji: kuni zinaishia mtaroni

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Sisi ni kikundi, tuko Wete, tunachemsha majani ya mikarafuu, siku nyengine mchaichai, kupata mafuta. Boila letu ni la kuni. Kondensa yetu (pale mvuke unapopozwa urudi kuwa maji) ni paipu moja ya stenlesi ya inchi moja, urefu mita 6, tumeizungusha ndani ya pipa, maji ya kisima yanaingia na kutoka tu mpaka mtaroni. Tukizidisha moto mvuke unatoka mdomoni pamoja na maji na uwanja mzima unanuka karafuu. Tumepima, kwa dakika 10 tunapata lita 10 za maji na mafuta. Katokea mtu katwambia tununue boila kubwa zaidi. Kuni zinatumaliza, tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu zangu wa Wete. Boila msinunue. Moto mnao wa kutosha, kinachowashinda ni kupoza, na mkileta boila kubwa juu ya kondensa hiyohiyo mtazidi kupoteza tu, kuni zaidi na mafuta zaidi hewani. Hiyo harufu ya uwanjani ndo mali yenu inaondoka, wallahi inaniuma kusikia mana najua kazi ya kukata na kubeba yale majani.

Sasa tufanye hesabu kidogo, msiogope. Lita 10 kwa dakika 10 ni lita 60 kwa saa. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua kilojuli 2,257 hivi, na ule mvuke ukirudi kuwa maji lazima uzitoe zote, hauna njia nyengine. Kwahivyo kilo 60 kwa saa maana yake kondensa yenu inatakiwa iondoshe joto la kama kilowati 38 muda wote, na hapo bado hujayapoza yale maji yenyewe. Yaani karibu joto lote lililopanda na mvuke linakuja kutokea hapo. Watu wengi wanaliangalia jiko na dohani tu, kondensa wanaiona kama ndoo ya kupozea, lakini ndo mlango ambao joto mlilolilipia kwa kuni linatokea.

Paipu ya inchi moja mita 6 ina eneo la nje kama nusu mita ya mraba, haifiki. Kwa kilowati 38, maji yakiingia na nyuzi 28 na kutoka na 60, mnahitaji kwa uchache mita ya mraba moja na kitu, na mimi ningeweka mbili kabisa kwasababu sehemu ya chini inabidi ipoze maji yaliyokwisha kupatikana kwenye mvuke kutoka 100 mpaka 40 hivi na kupoza maji ni kazi ya polepole kuliko kuurudisha mvuke kuwa maji, na pia uchafu utakuja, hauna budi. Mita mbili za mraba mnazipata kwa paipu 20 za inchi moja, kila moja mita moja na robo, zimesimama wima zimechomelewa kwenye bamba juu na chini, mvuke unaingia juu unagawika kote kwa pamoja. Hapo mnapata faida ya pili, mvuke haupiti tena kwenye njia moja nyembamba ndefu kwahivyo hausukumi nyuma kwenye mtungi wa majani. Mdomo wa chini unakotoka mafuta uwe wazi SIKU ZOTE, msiufunge hata kwa kitambaa, mtungi wa mvuke ukiziba ni bomu.

Paipu ziwe za stenlesi mana mafuta ya karafuu yakigusana na chuma cha kawaida yanageuka rangi, yanakuwa meusi na mnunuzi atayakataa. Lakini lile gamba la nje, yaani pipa linalozizunguka paipu, linaguswa na maji tu, hilo linaweza kuwa chuma cha kawaida kilichopigwa rangi, hapo mtaokoa pesa nzuri. Ndani ya gamba mwambieni fundi wa kuchomelea atie vibamba vinne vitano vya kukatiza, kimoja kinaacha nafasi kulia kimoja kushoto, maji yapande kwa kuzunguka yakipigana na paipu. Kwenye pipa lenu la sasa maji yanayogusa paipu yanapata moto na yale ya pembeni yanapita baridi hayana kazi yoyote. Maji yaingie CHINI yatoke JUU. Kwa ule mvuke wenyewe haina tofauti kubwa mana unabaki kwenye 100 mpaka urudi kuwa maji, lakini maji ya mafuta yanayoshuka chini yanakutana na maji mapya baridi kabisa, na gamba linajaa bila ya kubakisha hewa juu.

Halafu koki. Wengi wanafungulia maji mpaka mwisho wakiamini ndo kupoza vizuri. Kwa mtambo wenu maji yakitoka na nyuzi 45 mnatumia kama lita 2,100 kwa saa, yakitoka na 60 ni kama lita 1,100, joto lililoondoshwa ni lilelile, pampu ndo inafanya nusu ya kazi. Tieni kipima joto kwenye paipu ya kutokea mrekebishe koki hapo. Msivuke 60 kama kisima chenu kina chokaa, na visima vyetu vingi vinavyo, khasa upande wa mawe, kwasababu chokaa haifanyi kama sukari, maji yakizidi moto ndo inajitenga na kuganda kwenye paipu. Ukoga wa milimita moja tu unaweza kupunguza kazi ya kondensa kama hii kwa karibu robo. Kila mnapomaliza msimu osheni kwa siki au asidi ya ndimu, ile asidi kali ya betri au ya choo msiisogeze karibu na stenlesi. Kama mna paa kubwa kingeni maji ya mvua, hayana chokaa, yanazunguka kwenye tangi na kurudi, Pemba mvua tunayo alhamdulillahi.

Yale maji ya nyuzi 60 sasa ndo ya kulishia boila. Niseme ukweli, boila linataka lita 60 kwa saa na nyie mnazo 1,100, kwahivyo mtatumia kidogo tu na kuokoa kama asilimia 5 ya kuni. Si haba, ila kubwa zaidi liko kwengine: bati tupu la nyuzi 100 linapoteza wati 700 na zaidi kwa kila mita ya mraba. Mtungi na paipu vyenu vikiwa na mita 6 za mraba wazi hizo ni kilowati 4 na ushei, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya moto wenu, zinapasha upepo. Vifunikeni kwa sufi ya kioo na bati juu, fanyeni hili wiki hii hata kabla ya kondensa.

Na jambo moja, mafuta ya karafuu yanazama chini ya maji, ya mchaichai yanaelea, basi chombo cha kutenganishia kiwe na koki chini na juu msije mkamwaga.

SWALI: Fundi, sisi tupo karibu na pwani Mkoani, maji matamu ya shida. Tunaweza kupoza kondensa kwa maji ya bahari?

JIBU: Kwa stenlesi ya kawaida ile ya 304 hapana, chumvi na joto vinaitoboa vitundu vidogo na siku moja mtakuta bahari ndani ya mafuta. 316 inavumilia zaidi lakini nayo si ya kuamini kwenye maji ya moto. Meli hutumia titani au shaba iliyochanganywa na nikeli, bei yake mtashindwa. Zungusheni maji matamu yaleyale kwenye tangi, halafu tangi ndo mlipoze kwa bahari kupitia mpira mrefu wa plastiki uliolazwa majini. Mpira wa plastiki unapitisha joto kidogo kwahivyo uwe mrefu kwelikweli.

SWALI: Dada wa Unguja hapa, natengeneza maziwa ya mtindi. Nachemsha kwa gesi kisha napoza kwa barafu, gharama mbili. Mashine ya sahani inasaidia?

JIBU: Inasaidia sana dada yangu. Ni sahani nyembamba za stenlesi zimebanwa pamoja, maziwa mabichi yanapita upande mmoja na yaliyokwisha kupashwa upande wa pili yanabadilishana joto. Kwa maziwa ya kunywa kipimo ni nyuzi 72 kwa sekunde 15. Mashine inayorudisha asilimia 90 inayatoa maziwa kwenye 4 mpaka 65 bure, gesi inamalizia nyuzi 7 tu, na yale ya moto yanashuka mpaka 11 kabla hujagusa barafu. Kwa mtindi unayatoa mapema kwenye kama 43 utie mbegu ya mtindi, kwahivyo kuokoa kutapungua kidogo, mwambie muuzaji mapema akupangie sahani kwa hilo. Na umuulize presha: upande wa maziwa yaliyopashwa lazima uwe juu kuliko wa mabichi, ili mpira wa kuzibia ukipasuka maziwa safi ndo yavujie kwenye mabichi. Akishindwa kukujibu hilo, tafuta muuzaji mwengine.