Usisaini kuingia SNC (kampuni ya ubia) ya familia Italia, hata kama anayeomba ni baba

Dogo, weka kalamu chini kwanza. Umeuliza umwambieje baba Mwitaliano kwamba unahamia Bologna, Jumapili za chakula kwa bibi uzipunguze vipi, na kama usaini kuwa mshirika wa mgahawa wao ili "kumtuliza mzee". Hilo la mwisho ndilo litakalokumaliza.

Umesema mgahawa ni SNC. Mshirika wa SNC anadaiwa mpaka mali yake binafsi, na anayeingia kampuni iliyokwishakuwepo anabeba hata madeni ya kabla hajaingia: kifungu cha 2269 cha Codice Civile (sheria ya kiraia ya Italia), kisome mwenyewe. Deni la mvinyo la 2019 usilolijua linakuwa lako. Mdai anaanza na mali ya kampuni; isipotosha, anafuata mshahara wako wa Bologna, hadi moja ya tano kila mwezi.

Halafu huyo mhasibu wa familia anakwambia mtaandikiana karatasi kwamba wewe hudaiwi! Inaniudhi mno, kwa sababu kazi yake ni kujua. Karatasi hiyo inawafunga nyinyi wenyewe kwa wenyewe. Benki haiihusu hata kidogo. Visura, yaani hati ya usajili wa kampuni ya Camera di Commercio (chemba ya biashara), nayo isikupumbaze. Inaonyesha washirika, madeni haionyeshi, na SNC hailazimiki kupeleka hesabu zake za mwaka huko. Dai taarifa ya madeni ya kodi kutoka Agenzia delle Entrate-Riscossione (wakusanyaji wa madeni ya kodi), DURC (cheti kwamba michango ya hifadhi ya jamii imelipwa), taarifa ya Centrale dei Rischi (rejesta ya mikopo) ya Banca d'Italia, na kila dhamana ambayo baba alishasaini. Mama yako wa Malindi atasema mzee haombwi karatasi. Mjibu kwa adabu, lakini karatasi uzione.

Ukishakuwa mshirika unayefanya kazi pale, INPS (mfuko wa hifadhi ya jamii) inataka zaidi ya euro 4,000 kwa mwaka hata faida isipopatikana. Na kujitoa baadaye hakufuti madeni ya wakati ulipokuwemo.

Msaidie baba kwa mikono, si kwa saini: akuajiri kwa mkataba wa kazi, basi. Wakigeuza kampuni kuwa SRL (kampuni ambayo mali binafsi ya washirika haidaiwi) ni nafuu, ila benki itakuletea fideiussione (dhamana yako binafsi), na ukiisaini umerudi kudaiwa mali yako mwenyewe.

Miadi ya notaio (mthibitishaji wa mikataba) ni lini? Iahirishe, na hizo karatasi zipeleke kwa mhasibu wako mwenyewe, asiyefahamiana na akina baba.