Usiwaburute kwenye kikao cha kulia. Anza na funguo za kabati la morfini

Mleta uzi, simama hapo hapo. Usitie saini huo mkataba.

Nimesoma bandiko lako nikadhani ni mimi niliyeliandika zamani nikalisahau. Umekabidhiwa kitengo cha tiba shufaa (ya kuwapunguzia maumivu na mateso wagonjwa wenye maradhi mazito), wauguzi wamechoka, wawili wameshaomba uhamisho, na sasa kuna mshauri anakuuzia kikao cha lazima kila Jumamosi cha “kutua mizigo”, ambapo kila muuguzi atasimulia kifo kilichomuumiza zaidi wiki hiyo. Ukauliza pia kuhusu chumba cha mapumziko, dodoso la kupima uchovu, kama wauguzi waruhusiwe kwenda mazishini, na namna ya kuwapokea wageni kazini. Tuanze na hiyo Jumamosi, maana ndiyo itakayokumalizia watu.

Mimi nilikinunua hicho kikao. Kifurushi kizima, kwa fungu lote la mafunzo la mwaka, fedha ambayo ingemlipa muuguzi wa ziada wa zamu za usiku. Jamaa aliyeniuzia alikuwa na slaidi nzuri na sauti ya upole, na kila sentensi yake ilianza na “tafiti zinaonyesha”. Tafiti zipi, sikuuliza. Ile sauti ilinilewesha.

Viti vikapangwa duara. Katikati boksi la tishu, kana kwamba kulia ndiyo ajenda namba moja. Kulikuwa na kampira ka sponji: ukikashika unasema, na huruhusiwi kumpa jirani kabla hujasema. Wiki ile tulikuwa tumempoteza mgonjwa wa saratani ya shingo. Wanaofanya kazi hii wanajua: uvimbe ukishaufikia mshipa mkubwa wa damu, unaweka mashuka ya rangi iliyokoza karibu na kitanda, ili siku mshipa ukipasuka ndugu wasione damu ilivyo nyingi. Ulipasuka. Muuguzi aliyekuwepo alitoka zamu ya usiku asubuhi hiyo hiyo, hajalala, na kampira kakamfikia. Akasimulia yote. Joto la shuka mkononi. Mke wa mgonjwa akiuliza “ni nini hicho?” Yeye mwenyewe akirudia “niko hapa, niko hapa” huku dawa ya kutuliza ikichelewa kushika.

Alisimulia vizuri mno, na balaa lilikuwa hapo. Wenzake ambao hawakuwepo wakatoka mle chumbani wamebeba picha isiyo yao. Binti mmoja mgeni kazini akaanza kukwepa kabati yanamokaa yale mashuka. Mtaalamu wetu akapiga makofi taratibu, akasema “asante kwa kutuamini”, akatazama saa, akaendelea na kiti kinachofuata. Na msimuliaji akarudi zamu usiku ule ule, kwa sababu mimi, bosi mwenye huruma, ndivyo nilivyompanga.

Baada ya hapo Jumamosi ikawa siku ya maradhi. Migongo, meno, watoto wenye homa. Nikajibu kwa kuweka daftari la mahudhurio. Najua, najua, chekeni tu. Nikaweka na vyeti. Cheti cha kulia mbele za watu, kimegongwa muhuri kabisa! Muuguzi niliyemtegemea kuliko wote, yule ambaye akisikiliza pumzi tu anajua mgonjwa hatafika jioni, akaomba ahamie kliniki ya macho. Nikamuuliza kama ni vifo vimemchosha. Akanijibu vifo hata, Jumamosi ndizo zimemchosha.

Nilipompelekea jamaa malalamiko, akaniambia hiyo ni dalili njema, watu “wanaupinga uponyaji”. Tazama ujanja huo. Wakija, dawa imefanya kazi. Wakikimbia, imefanya kazi zaidi. Akashauri vikao viwe viwili kwa wiki. Sijawahi kutamani kumrushia mtu kampira ka sponji kama siku ile, na bahati mbaya sponji haiumizi.

Ndipo nikaenda kusoma nilichotakiwa kusoma kabla ya kulipa. Vikao vya namna hii vina babu yao: mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa zimamoto, aliandika utaratibu wa kuwakutanisha waokoaji baada ya tukio baya. Ukapendwa, ukasambaa hadi kwenye kazi ambazo haukukusudiwa. Mwaka 2002 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya kikao kimoja cha aina hiyo kwa watu waliopatwa na ajali na misiba mingine hayakuona ushahidi kwamba kinazuia madhara ya kiwewe, yakasema waziwazi kwamba kuwalazimisha watu kukome. Uingereza nako, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, wakatoa mwongozo wa mwelekeo huo huo mwaka 2005. Ndiyo, majaribio yale yalihusu zaidi mtu mmoja mmoja, na hawakuwa wauguzi wa wodi za shufaa. Atakayekuja kunisahihisha kwa hilo, yuko sahihi. Ila yule jamaa aliniuzia kinyume chake kama kitu kilichokwisha kuthibitishwa, na kwa hilo simsamehei.

Sasa kanuni yangu. Ni moja, na nitaing'ang'ania mpaka wasimamizi wanifungie akaunti: msaada wowote kwa muuguzi wa tiba shufaa uanze baada ya funguo kutoka mfukoni mwake.

Nasema funguo za kabati la morfini, ile dawa kali ya maumivu inayofungiwa. Aliyezishika ndiye wodi nzima. Maumivu ya mgonjwa wa dirishani yamepanda, anaitwa yeye. Pampu ya sindano inalia, yeye. Ndugu wamefika kutoka mbali na wanataka kujua kama ni leo, yeye. Mwekee chumba chenye kochi na maua na muziki wa maji yanayotiririka (niliweka, eti na maua), atakaa ukingoni mwa kochi, sikio liko mlangoni. Kwa hiyo kabla hujamuuliza anajisikiaje, tafuta mtu wa kuzipokea. Wahesabu dawa pamoja, wasaini, zitoke kabisa. Hapo ndipo akae, na iwe ndani ya saa zake za kazi zinazolipwa, siku yake ya mapumziko usiiguse. Akitaka kuongea, pawe na mtu. Akitaka kufumba macho, afumbe. Akitaka kutazama video za paka, dada yangu, muache na paka wake.

Ukilishika hilo, ratiba ya zamu itaanza kukuumbua yenyewe. Utaona mtu yule yule kila mara anapewa wagonjwa walio saa za mwisho kwa sababu “anawaweza”. Utaona aliyemsitiri marehemu ndiye anayetandika kitanda kile kile na kumpokea mgonjwa mpya kwa tabasamu, hata hajapata nafasi ya kunawa uso. Hilo nililipiga marufuku: uliyefiwa na mgonjwa, katika zamu hiyo hupokei wa kitanda kile. Uongozi ukapiga kelele za vitanda. Nikawaambia basi njooni mpokee nyinyi, nguo za kazi zipo. Hawakuja.

Na ukikutana na wanaosema shida iko kwa muuguzi, hana “ustahimilivu”, wakumbushe Shirika la Afya Duniani. Katika ICD-11, orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, uchovu huu wa kazi (burnout) umeandikwa kuwa jambo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu wa kazi ambao haukushughulikiwa. Hawakuuita ugonjwa. Sasa mshauri wako anataka kumtibu muuguzi nini, wakati kinachoumwa ni ratiba?

Sisemi watu wanyamaze. Muuguzi mmoja alichoma morfini ya saa kumi jioni, mgonjwa akafariki kabla ya saa kumi na moja. Kwenye duara hakuligusa kabisa. Alilitoa kwenye sinki, tunanawa mikono, hata hakunitazama: “Ile sindano ndiyo iliyomuua.” Kilichomsaidia ni daktari kuketi naye wakiwa wawili, chati mezani, wakapitia dozi kwa dozi. Kiasi kilikuwa kile kile tangu juzi yake. Upumuaji ulishaanza kubadilika asubuhi, saa nyingi kabla ya sindano. Dozi iliyopandishwa taratibu kwa kufuata maumivu siyo inayomuua mgonjwa aliyekwisha kuizoea; na anayekaribia kufa akiwa anachomwa kila baada ya saa kadhaa, lazima kuna sindano moja itakuwa ya mwisho, na lazima kuna mkono utakaoichoma. Ilichukua kama robo saa. Funguo alikuwa nazo mwenzake.

Kama wakubwa zako hawawezi kulala bila kikao chenye jina, kuna Schwartz Rounds, zilizotokana na Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995. Wafanyakazi wa kada zote wanakutana, wachache waliojiandaa wanasimulia jinsi kazi ilivyowagusa, wengine wanasikiliza, na hakuna anayebanwa kufungua mdomo. Au kuna ule ukimya mfupi alioubuni muuguzi Jonathan Bartels huko Virginia: baada ya kifo timu inasimama kando ya kitanda kwa muda wa kama dakika moja, kisha kazi inaendelea. Hauhitaji mshauri wala slaidi.

Lile la dodoso na mengine uliyouliza yamenitoka, humu kuna wasomi watakujibu. Wewe weka hapa ratiba yako ya mwezi ujao, futa majina, kisha kwa kila zamu andika safu mbili: nani ana funguo, na nani anampokea. Nakuhakikishia ile ya pili itakuwa tupu, hasa usiku. Tutaijaza pamoja. Na huyo mshauri wako akipiga simu kuulizia mkataba, mwambie bosi yuko safarini.