Farasi anayekimbia na mtoto aliye juu: maswali yenu

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu jambo moja: mtoto yuko juu ya tandiko, na farasi anakwenda kasi kuliko mtoto anavyotaka.

Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa miaka 11 anafundishwa juu ya farasi aliyestaafu mbio za Ngong. Kila akivuta hatamu, farasi anazidi kukaza mwendo. Kwa nini? (Mama, Karen)

Marahaba, mama. Huyo farasi si mkaidi, anafanya alichozoezwa. Kwenye mbio, hatamu hushikwa kwa kukazwa, na farasi huliegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu, huku akikimbia. Kwake, mdomo ukivutwa mfululizo maana yake ni "twende". Tena farasi wa namna hiyo ana kilo 450 hadi 500. Kuvutana naye binti hawezi, na mimi pia siwezi.

Afundishwe kubana na kuachia. Azame kwenye tandiko, ashushe visigino, atoe pumzi ndefu, afumbe vidole kwenye hatamu kwa hatua moja au mbili, kisha avilegeze. Avilegeze hata kama farasi amepunguza kidogo tu, maana kule kulegeza ndiko kunakomwambia farasi kwamba amefanya vizuri. Kubana watoto hukujua upesi. Kuachia ndiko kunakowashinda, kwa sababu ya woga.

Mimi huanza nao chini, farasi akiwa bado zizini. Namkabidhi mtoto lijamu alishike kwa mikono miwili, afumbe macho, nami nashika hatamu upande wa pili. Nikivuta kwa nguvu, naye anavuta papo hapo bila kufikiri. Nikibana vidole tu, kama mtu anayekamua tui, mikono yake inanifuata yenyewe. Hapo hufumbua macho na kusema, "Kumbe!"

Tukitoka farasi ni mtulivu, lakini tukigeuza kurudi zizini anataka kupiga shoti na mwanangu. Nimnunulie lijamu kali zaidi? (Baba, Nanyuki)

Hapana, ndugu yangu, nakusihi. Lijamu hukaa juu ya ufizi usio na meno, na chini yake ni mfupa. Likimuumiza, farasi atakimbia kuyakwepa maumivu, na mwanao yuko juu yake. Kwanza mwite daktari wa mifugo aangalie meno na mgongo, na uhakikishe tandiko halimbani mabegani. Halafu badilisha mazoea: mkifika, msimvue tandiko wala kumpa chakula papo hapo. Mzungusheni polepole uwanjani dakika 10 ndipo apumzike. Baada ya siku kadhaa ataona hakuna cha kukimbilia.

Nina miaka 14, napanda farasi ufukweni Diani. Kasi ikinizidi nifanyeje?

Mwanangu, usipige kelele, na usimbane kwa miguu, maana miguu ikimbana ubavuni anaelewa "ongeza". Kaa wima, peleka mkono mmoja mbali na shingo yake, umwingize kwenye duara kubwa, kisha ulipunguze duara kidogo kidogo. Usimkate kona ghafla akiwa kwenye shoti, anaweza kuanguka nawe. Na kofia ngumu uivae kila siku, hata kukiwa na joto.

Chakula kinachangia?

Sana. Anayefanya kazi saa moja kwa siku hahitaji nafaka ya farasi wa mbio. Mpe nyasi kwa wingi, na msimfungie zizini kutwa.

Mwanangu anaogopa tangu farasi alipotoka naye mbio. Nimlazimishe apande? (Mama, Nakuru)

Usimlazimishe. Zamani nilimlazimisha mwanafunzi mmoja siku ileile aliyoponea chupuchupu. Alipanda akilia, akashuka, hakurudi tena. Najuta mpaka leo.

Mrudishe kwenye kamba ndefu: mwalimu asimame katikati akimzungusha farasi, mtoto asishike hatamu kabisa, ashike ukanda uliofungwa shingoni mwa farasi. Kazi yake iwe moja tu, kumsimamisha kwa kutoa pumzi na kuzama kwenye tandiko. Siku farasi atakaposimama hivyo, mama, tafadhali niandikie.