Boti ya Faiba ya Familia Hapa Lamu: Tazama Tumbo Kabla ya Mashine

Ukitafuta boti ya faiba ya kutembea na familia hapa Lamu, muuzaji atakuanzia na mashine. "Hii ni ya farasi arobaini, Kizingitini ni hapo tu." Mwache aseme. Mashine hubadilishwa siku yoyote ukipata pesa. Tumbo la boti ni lile lile hadi uiuze.

Sisi tulibakiwa na mbili za kuchagua. Moja futi 19, mkuku (uti wa chini ya boti) uliochongoka, ubavu ulioinuka, mashine ya nguvu za farasi 40. Nyingine futi 16, pana, tumbo bapa, mashine ya 15. Shemeji yangu, ambaye huvua nje ya mwamba, hakuona hata cha kujadili: ile kubwa. Kwa safari zake ni kweli. Mkuku uliochongoka hulipasua wimbi, na ukitoka nje ya kisiwa cha Manda Toto, upepo wa kusi ukivuma, utashukuru kuwa nao.

Lakini wangu hawaendi huko. Twaenda Takwa kwenye magofu, Kipungani, fukwe za Manda za upande wa ndani, mara mojamoja Matondoni. Huko adui ni kupwa kwa maji, wala si mawimbi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, bahari hupanda na kushuka karibu mita 3, na ule mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko kwenda Takwa hugeuka matope. Hata Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, majahazi husubiri maji yajae ndipo yapite. Boti bapa huelea kwenye maji ya magotini na watu wamo ndani. Ile ya mkuku hukwama mapema, na maji yakiikimbia hulala ubavu. Tena mama yangu ana magoti mabovu, na sehemu nyingi twendazo hazina gati. Kumpandisha ubavu ule kutoka majini, sijui nani angethubutu. Tukachukua ndogo.

Ubaya wake nausema pia. Alasiri, upepo ukipambana na mkondo pale mbele ya Shela, boti bapa hupiga maji mpaka meno yakagongana. Hakuna dawa ila kutoka asubuhi, kupunguza mwendo, na kukubali kwamba Juni na Julai kuna siku nyingi za kukaa nyumbani. Asiyeweza kukubali hilo anunue ya mkuku.

Mafuta nayo yana neno. Mashine ya farasi 40 ya kuchanganya petroli na oili, ukiifungulia yote, hunywa lita karibu 20 kwa saa. Ya 15 haifiki hata nusu yake.

Penye hasara kubwa kwa boti iliyotumika ni ubao wa tezi, yaani wa nyuma, pale mashine inapofungwa. Nje ni faiba, lakini ndani mara nyingi ni mbao, na maji huingia kupitia matundu ya bolti. Gonga kwa kipini cha bisibisi kuanzia juu kushuka: sauti kali ni nzuri, sauti iliyofifia kama ya kugonga godoro ni mbao iliyooza. Kisha inua mashine, ishike chini karibu na rafadha (panga la kusukuma maji), uitikise. Ubao ukicheza, ondoka. Boti iliyopakwa rangi juzi mimi huigonga mara mbili. Uliza pia kama ina povu la kuielesha chini ya sakafu, na kama limekunywa maji. Boti ndogo ikiwa nzito ajabu, jibu unalo.

Hati za umiliki, ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, majaketi ya kuelea yenye saizi za watoto, kamba ya kuzimia mashine inayofungwa mkononi mwa nahodha: hayo hayana mjadala.

Kabla ya kulipa, ijaribu na watu wako wote ndani, vikapu na chakula pamoja. Muuzaji hupenda kuionyesha akiwa peke yake, tangi halina kitu. Hii yetu, akiwemo mtu mmoja, iliinuka na kuteleza juu ya maji papo hapo. Tulipoingia sote ilijikokota, tezi imezama na omo, yaani mbele, limetazama juu, hadi tulipowahamishia watoto mbele na dumu la petroli katikati.