Banda la vifaranga wa bata: shughulikia maji kabla ya maranda

Anayehamia kwenye bata kutoka kwenye kuku huja na mazoea ya kuku: anamwaga maranda, anaweka chombo cha maji katikati, anafunga mlango akitegemea wiki itapita salama. Kwa bata hazipiti hata siku mbili. Kifaranga wa bata hanywi tu. Anachota, anasuuza mdomo, anasafisha pua, anarusha maji kila upande, kisha kinyesi chake chenyewe karibu asilimia 90 ni maji. Kuongeza maranda kila siku huku chombo cha maji kimekaa palepale ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa hiyo anza na chombo. Kwa vifaranga 30 hivi, tengeneza fremu ya mbao ya sm 60 kwa 60, kimo sm 10, juu yake kaza wavu wenye matundu ya mm 12. Ncha za wavu zikunje kwa chini, la sivyo zitachana nyayo. Chini ya fremu weka karai pana la plastiki, au kama sakafu ni udongo, chimba shimo ujaze kokoto. Chombo cha maji kikae katikati ya wavu ili kila upande ubaki na angalau sm 15 za kupokea kinachorushwa. Ukikisogeza ukingoni umefanya kazi bure. Pembeni inamisha kipande cha ubao chenye vijiti vya kukanyagia, kwa sababu vifaranga wa siku chache hawawezi kupanda sm 10 wenyewe. Karai limwagwe kila siku. Maji yale yakilala, harufu utaikuta mlangoni.

Fremu hiyo iwe upande ulio mbali na taa au jiko la joto. Chakula kiwe karibu na maji, kwani bata hula funda moja na kukimbilia maji, na njia yote ya katikati huwa tope.

Kina cha maji kinahitaji akili kidogo. Lazima kifaranga aweze kuzamisha mdomo mpaka pua zifunikwe, vinginevyo pua na macho huziba. Sm 2 hadi 3 zinatosha wiki ya kwanza, na kokoto safi ndani ya chombo zinamzuia kuingia mwili mzima. Wanaototolewa na mashine hawana mama wa kuwapaka mafuta, manyoya yao yananyonya maji, na kifaranga aliyelowa hupoa haraka hata ndani ya banda lenye joto. Wapo wafugaji wanaoondoa maji usiku ili banda lipumzike. Wiki mbili za mwanzo usifanye hivyo, na baadaye ukiondoa maji ondoa na chakula: bata akila chakula kikavu bila maji hukabwa.

Sasa matandiko. Maranda ya mbao ndiyo bora, makapi ya mpunga yanafuata. Vumbi laini la msumeno liache. Vifaranga hulila na linawaingia kwenye mapafu. Magazeti yanateleza na kupindisha miguu. Maranda ya seremala yapekue kwanza utoe misumari, na usichukue yaliyotoka kwenye mbao zilizowekwa dawa. Kuhusu maganda ya karanga na magunzi ya mahindi, tahadhari: yakiwa na ukungu huenda yamebeba sumukuvu, na vifaranga wa bata ni miongoni mwa ndege wanaodhurika nayo upesi zaidi.

Anza na kina cha sm 8. Mita moja ya mraba inakula ndoo nne za lita 20, kwa hiyo piga hesabu ya banda lako kabla vifaranga hawajafika na uwe na akiba ya kiasi hichohicho pakavu. Wiki ya kwanza mita hiyo moja ibebe vifaranga 15 hadi 20. Wakifika wiki ya nne wasizidi saba. Mara nyingi banda linalolowa ghafla wiki ya tatu halijavuja popote: bata wamekua, nafasi imebaki ileile.

Kila asubuhi chota palipolowa, toa nje, ndipo umwage makavu. Kosa linalorudiwa sana ni kufunika. Juu panapendeza, chini tabaka la maji halipati hewa, linachacha, linatoa amonia na kuotesha ukungu. Pima kwa mkono: bana konzi ya maranda kutoka chini, kisha achia. Yakisambaratika ni mazuri; yakibaki donge, toa sehemu hiyo leo; yakichuruza maji, toa eneo lote. Halafu chuchumaa, unuse kwenye kimo cha kifaranga. Aliyesimama anaweza kusema hewa ni safi wakati chini macho yanachoma.

Dalili utaziona: manyoya ya tumbo yamegandamana, macho yana povu, nyayo zina vidonda vyenye gamba jeusi. Kifaranga anayetweta mdomo wazi bila mlio mshuku ukungu wa mapafu, ambao tiba yake hufaulu kwa nadra.

Chokaa na majivu si njia ya mkato. Ukinyunyiza juu ya matandiko mabichi amonia huzidi kutoka, na chokaa kali huunguza miguu. Tumia chokaa banda likiwa tupu.

Msimu wa masika watu hufunga turubai mpaka juu kwa kuogopa baridi, unyevu ukabaki ndani. Ziba upepo chini, usawa wa vifaranga, juu acha wazi sm 30 chini ya paa. Sakafu ya saruji iwe na mteremko wa sm 2 kwa kila mita, kuelekea upande ulikoweka maji.