Biriani Haingoji Mtu: Kula Nje ya Hoteli ya Ufuoni Mombasa

Siku ya tatu ya likizo, mwanangu mdogo alikataa kula. Alisimama mbele ya bafe ya hoteli yetu ya Bamburi, sahani mkononi, akayatazama yale masinia ya chuma yaliyofunikwa, kisha akanigeukia: "Mama, ni kile kile." Ana miaka sita na alisema kweli. Chipsi, kuku wa kuoka, tambi, na wali mweupe uliopikwa kwa maji matupu. Wali wa maji, Mombasa! Mimi nimezaliwa Majengo, nimelelewa kwa wali wa nazi, na sasa naishi Nairobi. Likizo ile niliiwekea akiba tangu mwezi wa tatu ili watoto waijue Mombasa ya mama yao. Usiku ule niliona wazi kwamba wangerudi Nairobi wakiijua bahari tu.

Nikampigia simu khalati yangu, dada yake mama, anayekaa Kibokoni, Mji wa Kale. Hakuniuliza tuko hoteli gani wala tunalipa ngapi. Aliuliza, "Leo siku gani?"

"Alhamisi, khalati."

"Basi kesho njooni. Saa saba, watu wakitoka msikitini. Msije saa tisa mkaniuliza biriani iko wapi."

Tangu siku ile, kila rafiki anayenipigia kuniuliza pa kula Mombasa humjibu kwa swali la khalati. Wageni wengi huanza na "wapi?" Waanze na "lini?" Chakula cha Mombasa kina saa zake na siku zake. Ukienda mahali pazuri saa isiyo yake utakula makombo na utarudi ukisema Mombasa hakuna chakula. Ukienda kibanda cha kawaida saa yake, utakula kitu utakachokikumbuka mwaka mzima.

Chukua asubuhi. Mahamri na mbaazi ni chakula cha kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, labda saa nne kukiwa na bahati. Unga wa mahamri hukandwa kwa tui na iliki usiku, ukaachwa uumuke, na alfajiri karai liko motoni. Hamri iliyotoka karaini imevimba, ndani tupu, ukiipasua mvuke unatoka na harufu ya iliki. Mbaazi nazo hupikwa kwa tui zito mpaka zilainike, na mpishi mzuri huacha tui la kwanza liingie mwishoni ili lisikatike. Hivi vitu huvipati vizuri saa tano. Hamri ya saa tano imeshaanza kukakamaa na mbaazi zimebaki zile za chini ya sufuria. Tulitoka hotelini saa moja asubuhi, tukavuka barabara ya Malindi kwa miguu, tukaingia ndani kidogo kwenye makazi ya watu. Mama mmoja alikuwa na karai barazani kwake na foleni ya watoto wa shule mbele yake. Mahamri manane na bakuli mbili za mbaazi, watu wanne tukashiba, na pesa tuliyotoa haikufika bei ya chupa mbili za maji pale hotelini. Mume wangu, ambaye ni mtu wa bara na hakuwahi kuona kunde wala mbaazi zikiliwa na kitu kitamu, alirudi kuongeza mara mbili.

Mchana wa siku za kawaida sitausemea sana. Wali wa nazi, samaki, mchicha, maharagwe. Utavipata kila mtaa, na vizuri. Ijumaa ndiyo siku. Nyumba nyingi za Waislamu hupika pilau au biriani, na mikahawa nayo hupika zaidi siku hiyo. Biriani ya Waswahili si wali uliochanganywa na nyama. Wali hupikwa peke yake, ukapakwa rangi na zafarani kwa anayeiweza, na masala hupikwa peke yake: nyama, mtindi, nyanya, viungo, viazi, na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia. Hukutana sahanini tu. Ndiyo maana huwezi kuagiza "moja ya haraka". Sufuria hupikwa kwa hesabu ya watu wanaotarajiwa, na likiisha limekwisha. Kwa khalati tulifika saa saba na robo tukakuta sinia limeshatandikwa, kachumbari, ndizi mbivu pembeni, na jagi la maji ya ukwaju. Si kila mtu ana khalati Kibokoni, najua. Lakini Mji wa Kale una mikahawa ya Waswahili inayopika kwa mtindo huo huo. Recoda, ambayo iko tangu miaka ya 1940, ndiyo jina nililolisikia tangu utotoni. Nenda Ijumaa, nenda mapema, na kama uko na watu wengi pita asubuhi uwaambie mtakuwa wangapi.

Alasiri ni ya mihogo. Jua likianza kupoa, nenda Mama Ngina, ile bustani ya ufuoni upande wa mlango wa Kilindini ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Lighthouse. Ilitengenezwa upya mwaka 2019, lakini mibuyu ni ile ile na wauza mihogo wamo. Muhogo huchomwa kwenye makaa mpaka ngozi ya juu ikaungua kidogo, ukapasuliwa katikati, ukapakwa chumvi, pilipili na ndimu. Wengine hupenda wa kukaanga. Kuna kachri za muhogo zilizokatwa nyembamba, kuna mabuyu mekundu yatakayotia rangi vidole vya watoto mpaka kesho yake, kuna madafu. Nunua kidogo kidogo, ukae ukutani, utazame meli zikiingia bandarini karibu kabisa, hata watoto wakapungia mabaharia mkono. Viazi vya karai navyo ni vya saa hizi: kiazi cha kuchemsha kilichovikwa unga wa manjano kikakaangwa, ukala kwa ukwaju wenye pilipili. Siri ya kiazi cha karai ni ule ukwaju. Onja ukwaju kwanza; kama ni maji matupu yenye rangi, nenda kwa muuzaji wa pili.

Baada ya magharibi moshi wa mishkaki unakuita wenyewe. Ukitaka pa kukaa na familia, Tarboush ya barabara ya Makadara hujaa watu wa kila kabila, mishkaki na mikate moto, juisi kubwa, na watoto hawaambiwi wanyamaze. Supu ya pweza pia ni ya usiku. Na ukipita Mji wa Kale saa mbili au tatu za usiku utawakuta wazee barazani na muuza kahawa na dele lake, lile birika la kahawa. Kahawa tungu, kikombe kidogo, na kipande cha halua au kashata. Toa salamu kwanza. Ukisalimu vizuri utapewa nafasi ya kukaa na utaelezwa mengine yote unayotaka kuyajua kuhusu mji, na mengi ambayo hukuyauliza.

Sasa, namna ya kuuliza. Ukimwambia dereva wa tuktuk "nipeleke hoteli nzuri", kuna hatari mbili. Kwetu hoteli ni mahali pa kula, lakini akiona umetoka ufuoni atadhani unataka hoteli ya kitalii nyingine. La pili, kuna madereva wanaopewa chochote na mikahawa wakileta wageni, na mikahawa hiyo huirudisha pesa ile kwenye bili yako. Mimi huuliza hivi: "Kaka, ukitaka kumnunulia mamako biriani, unainunua wapi?" Mtu hampelekei mama yake chakula kibovu. Jibu huja bila kusita, na mara nyingi ni mahali pasipo na bango.

Watu wengine wa kuwauliza ni wafanyakazi wa hoteli yako, hasa wa vyumba, wa bustani na walinzi wa lango. Wao hawali ile bafe kila siku. Wengi huvuka barabara wakati wa zamu kubadilishana. Aliyetuelekeza kwa yule mama wa mahamri ni dada aliyekuwa akitusafishia chumba. Nilimwuliza anakula wapi yeye, si wapi nile mimi, na maswali hayo mawili yana majibu tofauti.

Kuhusu usafi mnaniuliza sana, hasa nyinyi wenye watoto wadogo. Naangalia mambo matatu tu. Je, chakula kinatoka motoni mbele yangu? Je, kuna maji ya bomba au ya birika ya kunawa mikono, na sabuni? Je, kuna foleni ya wenyeji? Chakula kinachouzika haraka hakipati muda wa kulala. Juisi ya barabarani yenye barafu siwapi watoto. Nawapa dafu, nalo likatwe mbele yetu.

Samaki wa hoteli za ufuoni nataka nimsemee kwa urefu kidogo, kwa sababu aliniumiza. Mwaka juzi, jioni moja, tulikaa kwenye mkahawa wa ufuoni kaskazini ya mji, meza juu ya mchanga, taa za rangi. Niliagiza samaki aina ya changu, mzima, wa kuchoma. Bei niliyoisoma kwenye menyu ilikuwa ya gramu 100, imeandikwa kwa herufi ndogo chini. Bili ilipokuja ilizidi tulicholipa kwa chumba usiku ule. Tulilipa, na njiani hakuna aliyeongea. Basi ukiona samaki mzima, kamba au kaa kwenye menyu, uliza kabla hujakaa sawasawa: bei hii ni ya samaki mzima au ya uzito? Kisha omba samaki aletwe mbichi, apimwe mbele yako, utajiwe bei kamili kwa shilingi. Mahali paaminifu hawaoni haya kufanya hivyo.

Uliza pia ni wa leo au wa barafu. Kuanzia kama Aprili mpaka Septemba upepo wa Kusi huvuma, bahari inachafuka, na wavuvi wa mashua ndogo hawatoki kila siku. Menyu haibadiliki, lakini samaki anaweza kuwa ametoka kwenye jokofu. Miezi ya Kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndiyo ya kula samaki kwa moyo mkunjufu. Mkija Agosti kama wengi wa likizo za shule, kuleni kuku wa kupaka. Naye huchomwa kwanza kisha akamwagiwa tui, wala hategemei upepo. Na kama mna usiku mmoja wa kutumia pesa nyingi kwa furaha, msiitumie palipo na taa za rangi ufuoni. Tamarind, mkahawa wa Nyali, ni ghali, hilo linajulikana tangu mlangoni, lakini iko juu ya maji ikitazamana na Mji wa Kale.

Ramadhani hubadilisha kila nilichosema. Mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na si adabu kutembea ukila barabarani. Lakini kuanzia alasiri barabara zinajaa meza: sambusa, bajia, kaimati, mkate wa sinia, vitumbua, tende. Magharibi ikiadhiniwa mji mzima unakula pamoja. Ukiweza kuchagua mwezi wa kuja kwa ajili ya tumbo, fikiria huo, ukae na njaa kidogo mchana kwa heshima.

Usafiri usiupuuze, kwa maana ndio unaokula ile saa ya chakula. Kutoka Bamburi au Shanzu kwenda kisiwani lazima upite daraja la Nyali, na jioni magari yanayotoka mjini husimama. Mimi huingia mjini kabla ya saa tisa alasiri na kurudi baada ya saa mbili usiku. Tuktuk kubaliana bei kabla ya kupanda. Siku mlizowapeleka watoto Haller Park, ile bustani iliyooteshwa kwenye machimbo ya zamani ya saruji, au kwenye michezo ya maji Nyali, msijaribu kwenda mjini tena. Watoto watatoka na njaa na uchovu pamoja. Siku hiyo kuleni karibu, vibanda vya upande wa pili wa barabara.

Na unapolipia chumba, lipia kulala na chai ya asubuhi tu. Wakikushawishi kwa bei ya kila kitu kimelipiwa, piga hesabu ya usiku ngapi utalazimika kurudi mbio kula kile ulichokwisha kukilipia. Sisi tulipoteza chakula cha usiku mara tatu na sikujuta hata kimoja, lakini zile pesa zingetosha kumnunulia khalati doti mbili za leso.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda tena kwa yule mama barazani, saa kumi na mbili na nusu, nikanunua mahamri ishirini ya treni. Stesheni iko Miritini, mbali na hoteli za ufuoni, na mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda, kwa hiyo tokeni mapema sana. Mahamri yafungeni kwa karatasi au kitambaa, si mfuko wa plastiki, yasitoe jasho. Mbaazi ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza. Yetu yaliisha kabla hatujafika Voi.