Msawazo wa Nash si dawa ya mshindani

Swali: Tuko wawili tu tunaouza huduma ileile kwa wateja walewale. Mkufunzi wa semina ametuambia nadharia ya michezo (hesabu za maamuzi pale ambapo matokeo yako yanategemea pia uamuzi wa mwenzako) imethibitisha kwamba msawazo wa Nash ndio uamuzi bora, hivyo nishushe bei kabla mwenzangu hajashusha. Nishushe?

Jibu: Kwa sababu hiyo, hapana. Swali hili nalipata mara kwa mara, na nyuma yake karibu kila mara yupo mtu aliyelipwa kuendesha semina.

Chora visanduku vinne, kimoja kwa kila mchanganyiko wa maamuzi yenu: kuacha bei juu au kushusha. Tuseme mkiacha bei juu wote wawili, kila mmoja anapata faida ya 10. Ukishusha peke yako unapata 14, yeye anaambulia 2. Mkishusha wote, ni 5 kwa 5. Sasa pima: akiacha bei juu, kushusha kunakulipa, akishusha, kushusha bado kunakulipa. Naye anapiga hesabu hiyohiyo, na mnatua kwenye 5. Huo ndio msawazo: hakuna anayefaidika akibadili uamuzi peke yake. Basi! Neno "bora" mkufunzi wako kaliongeza mwenyewe. Alichothibitisha mwanahisabati John Nash mwaka 1950 ni kwamba msawazo upo, hata kama wakati mwingine wachezaji watalazimika kuchagua kwa bahati nasibu, kama kurusha sarafu. Kwamba utaupenda, hakusema.

Hata miti inayo misawazo yake. Msituni kila mti unatumia nguvu nyingi kurefusha shina ili uupate mwanga, na mwanga wenyewe ni uleule ambao yote ingeupata ingebaki mifupi. Ila utakaobaki mfupi peke yake utafunikwa.

Tena nyinyi hamchezi mara moja. Mnakutana kila mwezi, bila kujua mwisho ni lini. Mwanasayansi wa siasa Robert Axelrod alishindanisha programu za kompyuta katika mchezo wa namna hii, akatoa matokeo mwaka 1980. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana (kwenu ni kuacha bei juu), kisha rudia alichofanya mwenzako mara iliyopita. Programu hiyo haiwezi kumzidi pointi mpinzani yeyote ana kwa ana, lakini ikaongoza kwa jumla. (Usinielewe vibaya: kukaa na mshindani mkapanga bei ni kosa la jinai katika nchi nyingi.) Programu hiyo nayo wakufunzi wameshaigeuza hirizi, wakati kosa moja la kusoma vibaya hatua ya mwenzako linatosha kuwaingiza katika kulipizana kusikoisha.

Kinachoniudhi ni fomula kuhamishwa kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Mwanauchumi William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba katika mnada wa bahasha zilizofungwa, mshindi akilipa bei ya aliyemfuata, andika thamani yako halisi. Peleka ushauri huo kwenye mnada ambao mshindi analipa alichoandika, na hata ukishinda faida yako ni sifuri. Kanuni moja tu imebadilika. Kwa hiyo kabla ya kumlipa tena huyo mkufunzi, mpe karatasi ajaze visanduku vinne vya biashara yako, na akueleze kila namba ameitoa wapi.